Breki ya mkono ndiyo kinga ya giaboksi ya gari la haibridi

MADEREVA wengi wa magari ya otomatiki jijini Eldoret wana mazoea yanayofanana. Wakifika waendako hukanyaga breki, husukuma gia hadi P, huzima gari na kwenda zao. Breki ya mkono husahaulika, aghalabu kwa imani kwamba ni kifaa cha magari ya gia za kubadilisha kwa mkono.

Penye uwanja tambarare, mazoea hayo hayaleti hasara kubwa. Hata hivyo, Eldoret si jiji la tambarare tupu. Liko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na barabara zake kadhaa huteremka kuelekea Mto Sosiani. Anayetoka nje ya jiji hukutana na miinuko ya Timboroa upande wa Nakuru, au miteremko ya Bonde la Kerio akipitia Iten.

Dereva aliyeegesha gari kwenye mwinamo akitegemea P pekee hulipata jibu lake anapotaka kuondoka. Gia huwa nzito kutoka mahali pake, kisha kishindo cha chuma husikika chini ya gari. Kishindo hicho ndicho kiini cha makala haya, kwa kuwa kinatoka ndani ya giaboksi, sehemu ambayo gharama yake ni kubwa mno ikilinganishwa na ile ya breki.

Suala hili limepata uzito zaidi kwa sababu magari ya haibridi, yanayotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, yamezoeleka katika barabara za Kenya. Mengi huletwa kutoka Japan yakiwa yamekwisha kutumika, chini ya kanuni ya KS 1515 isiyoruhusu gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza.

Miongoni mwayo ni Toyota Prius, ambayo ilianza kuuzwa Japan mnamo Desemba 1997, na Toyota Aqua iliyofuata Desemba 2011. Pia kuna Honda Fit na Honda Vezel za haibridi. Magari haya huja na sifa ya kula mafuta kidogo. Namna ya kuyaegesha ni jambo ambalo mnunuzi huachiwa alitambue mwenyewe.

P HUFANYA KAZI GANI?

Gia ya P haina uhusiano wowote na breki. Ndani ya giaboksi kuna gurudumu dogo lenye meno, lililounganishwa na shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Dereva anapoweka P, kijino cha chuma huangukia kati ya meno mawili ya gurudumu hilo na kulizuia lisizunguke. Gari likitaka kusonga, kijino hicho ndicho hulizuia.

Mfano wa hesabu unaweza kusaidia. Toyota Aqua ina uzito wa takriban kilo 1,080 ikiwa haina abiria. Ikiegeshwa kwenye mwinamo unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10 za barabara, sehemu ya uzito huo inayoivuta chini inapita kilo 100. Pasipo breki ya mkono, mzigo wote huo hupitia kwenye viungo vya shafti za magurudumu, meno ya giaboksi na hatimaye kijino.

Watengenezaji waliunda kijino kiweze kuhimili mzigo huo. Hakivunjiki kwa sababu gari limeegeshwa mlimani siku moja, na dereva aliyesahau breki ya mkono jana hana haja ya kukimbilia gereji leo. Madhara hutokea kwa njia tatu.

Ya kwanza ni kuweka P kabla gari halijasimama kabisa. Kijino hurukaruka juu ya meno yanayozunguka, na ncha zake huanza kulika. Ya pili ni kuchomoa kijino kilichobanwa na uzito wa gari, jambo linalozaa kile kishindo, na likirudiwa kila siku kwa miaka mingi nyuso za chuma huchakaa.

Ya tatu ni kugongwa gari likiwa limeegeshwa. Gari jingine likilisukuma kidogo tu, mshtuko wote hupokelewa na kijino kimoja. Breki ya mkono ikiwa imevutwa, magurudumu ya nyuma hupokea sehemu ya mshtuko huo na giaboksi hupata nafuu.

GIABOKSI YA HAIBRIDI

Baadhi ya mafundi huwaambia wateja kwamba haibridi haina giaboksi, hivyo basi hakuna cha kuharibika. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Katika haibridi za Toyota kama vile Prius na Aqua, hamna klachi ya kubadilisha gia wala mikanda ya chuma inayopatikana katika giaboksi nyingi za CVT. Kuna mfumo wa gia unaounganisha injini na mota mbili za umeme, na kompyuta huamua ni nguvu kiasi gani itoke wapi.

Kwa sababu hiyo, sehemu nyingi zinazochakaa katika otomatiki ya kawaida hazimo. Kijino cha P kimo. Nacho kimo ndani kabisa ya mtambo, pamoja na mota. Kikiharibika, giaboksi hushushwa na kufunguliwa, kazi isiyolingana hata kidogo na ile ya kubadilisha viatu vya breki au kukaza waya wa breki ya mkono.

Isitoshe, kijino cha haibridi ya Toyota kina kazi ya ziada ambayo madereva wengi hawaijui. Gari likiwa limesimama kwenye P huku likiwa limewashwa, injini inaweza kujiwasha yenyewe ili kuchaji betri kubwa. Wakati huo nguvu ya injini husukuma gia zinazoelekea kwenye magurudumu, na kijino ndicho huzizuia. Mtikisiko mdogo unaosikika injini inapowaka au kuzima gari likiwa P kwa kiasi fulani hutokana na hali hiyo.

Hii pia ndiyo sababu haibridi hizo hazichaji betri zikiwa kwenye N. Katika N hakuna kinachozuia gia hizo, kwa hivyo mfumo hauwezi kutumia injini kuzalisha umeme. Dereva anayekaa muda mrefu kwenye N katika msongamano wa Barabara ya Uganda huku taa na feni vikifanya kazi, humaliza chaji bila kujua.

Katika foleni, njia bora ni kubaki kwenye D na kukanyaga breki ya mguu. Haibridi ya Toyota hupunguza msukumo wa mota mara breki inapokanyagwa, na hamna klachi inayosuguana wakati huo. Foleni ikikwama kabisa, breki ya mkono huvutwa kwanza, kisha P hufuata.

Haibridi za Honda za kizazi cha Fit ya 2013 na Vezel ni tofauti. Zina giaboksi ya gia 7 yenye klachi mbili zinazoongozwa na kompyuta. Kati ya 2013 na 2014, Honda iliyaita magari hayo mara kadhaa nchini Japan ili kurekebisha hitilafu, zikiwemo za programu inayoongoza giaboksi. Anayenunua gari la miaka hiyo anafaa kuuliza kama marekebisho hayo yalifanywa.

Katika magari hayo ya Honda, kulizuia gari lisirudi nyuma mlimani kwa kubonyeza mafuta kidogo kidogo huchoma klachi. Katika Toyota hakuna klachi ya kuungua, lakini mota na vifaa vyake vya umeme hupata joto kali bila faida. Kwa aina zote mbili, dawa ni moja: breki ya mguu kwa kituo kifupi, breki ya mkono kwa kituo kirefu.

GURUDUMU LIKIINULIWA

Hatari kubwa zaidi ya kutegemea P haihusu uchakavu. Inahusu maisha ya watu, na hutokea gari linapopata pancha.

Prius nyingi, na Aqua za kawaida, huendeshwa na magurudumu ya mbele. Kijino cha P huzuia magurudumu hayo mawili kwa pamoja, kupitia difu inayoyaruhusu kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona. Gurudumu moja la mbele likiinuliwa kwa jeki, difu hulipa uhuru. Lililoinuliwa linaweza kuzunguka upande mmoja na lile lililo chini likazunguka upande wa pili, ilhali gia iko P.

Maana yake ni kwamba gari lililoegeshwa kando ya barabara yenye mwinamo, likiwa kwenye P bila breki ya mkono, linaweza kuanza kuteremka pindi tairi la mbele linapoachana na ardhi. Jeki huanguka, na anayebadilisha tairi yuko kandokando au hata chini yake.

Breki ya mkono katika magari haya hushika magurudumu ya nyuma. Ndiyo inayolizuia gari wakati tairi la mbele liko hewani. Likiwa ni la nyuma lililopata pancha, P hushika ya mbele na breki ya mkono hushika la nyuma lililosalia. Desturi ya zamani ya kuweka jiwe kwenye gurudumu lililo upande wa pili wa pancha inabaki kuwa ya busara katika hali zote mbili.

GARI LISILO NA SAUTI

Haibridi ina hatari nyingine inayotokana na ukimya wake. Gari linaweza kuwa limewashwa na liko tayari kuondoka huku injini imenyamaza kabisa, kwa kuwa betri ina chaji ya kutosha. Dalili pekee huwa taa iliyoandikwa READY kwenye dashibodi.

Dereva aliyezoea kusikia injini anaweza kushuka akidhani amezima gari, kumbe gia ingali D. Mguu ukitoka kwenye breki, mota ya umeme huanza kulisogeza gari polepole. Breki ya mkono iliyovutwa barabara hulipa kosa hilo nafasi ya kugunduliwa kabla ya kuleta maafa.

Vifaa vya kisasa navyo vimeongeza utata. Katika Prius nyingi zilizotengenezwa tangu 2003, P ni kitufe kinachobonyezwa, na mota ndogo ya umeme ndiyo husukuma kijino. Kijiti cha gia hurudi mahali pake baada ya kuguswa, kwa hivyo jicho haliwezi kutambua gia iliyopo kwa kukitazama kijiti. Betri ndogo ya volti 12 ikifa, kitufe hicho hakifanyi kazi. Breki inayovutwa kwa waya haitegemei betri.

Ulimwengu ulipata funzo chungu mnamo 2016. Mwezi wa Aprili mwaka huo, kampuni ya Fiat Chrysler ilitangaza kuyaita magari takriban milioni 1.1 ambayo vijiti vyake vya gia hurudi katikati kila vinapoguswa, kwa kuwa madereva walikuwa wakishuka wakidhani wameweka P. Juni mwaka uo huo, mwigizaji Anton Yelchin alifariki jijini Los Angeles baada ya gari lake aina ya Jeep Grand Cherokee, mojawapo ya yaliyohusika, kuteremka na kumbana nyumbani kwake. Gari hilo halikuwa la haibridi, ila utata wa kijiti kisichoonyesha gia ni ule ule.

Oktoba 2016 ikawa zamu ya Toyota. Iliyaita magari takriban 340,000 ya Prius duniani, mengi yakiwa Japan, kwa sababu waya wa breki ya kuegeshea ungeweza kuachana na mahali pake na breki ikashindwa kushika. Yalikuwa yametengenezwa kati ya Agosti 2015 na Oktoba 2016. Mwenye Prius ya kipindi hicho anashauriwa kuhakikisha, kwa nambari ya fremu, kwamba gari lake lilirekebishwa.

Kisa hiki cha pili kinaonyesha kwamba breki ya mkono nayo si malaika. Ndiyo sababu dereva mwangalifu hutumia vyote viwili, kila kimoja kikiwa akiba ya mwenzake.

BREKI ISIYOTUMIKA HUKWAMA

Haibridi hupunguza mwendo kwa kuigeuza mota kuwa jenereta, na breki za kawaida hufanya kazi kidogo. Padi na viatu vya breki hudumu muda mrefu, jambo linalowafurahisha wenye magari. Lakini kifaa kisichotumika hushika kutu.

Aqua nyingi zina breki za ngoma katika magurudumu ya nyuma. Ngoma hizo hukusanya vumbi la kiangazi, na wakati wa mvua hupata maji na tope la barabara za mashambani Uasin Gishu. Waya wa breki ya mkono usiovutwa kwa miezi kadhaa unaweza kukwama ndani ya ala yake. Siku unapovutwa kwa dharura, ama haushiki, ama unashika na kukataa kuachia.

Breki iliyokataa kuachia ni hasara nyingine. Katika gari la kawaida, dereva husikia injini ikilemewa. Katika haibridi, mota ya umeme ina nguvu nyingi tangu mwendo wa chini na hulivuta gari kimyakimya dhidi ya breki hiyo. Dalili huwa harufu ya kuungua, joto kali kwenye gurudumu moja la nyuma na mafuta kuisha haraka kuliko kawaida.

Kuivuta breki ya mkono kila siku ni matunzo tosha kwa sehemu kubwa. Pamoja na hayo, fundi anafaa kuzifungua ngoma za nyuma wakati wa sevisi, kuondoa vumbi na kukaza waya kulingana na kitabu cha gari. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 13-H yataka breki ya kuegeshea iweze kulishika gari lililojaa kwenye mwinamo wa asilimia 20. Breki inayoachia gari kwenye mteremko wa kawaida mjini imekwisha kupoteza uwezo wake.

Kuna wakati mmoja ambapo ni heri kuiacha. Gari likiegeshwa kwa majuma kadhaa mahali tambarare, hasa likiwa limetoka kuoshwa au kupita majini, viatu vinaweza kugandamana na ngoma. Hapo P na mawe kwenye magurudumu hutosha.

MAKOSA MENGINE

Katika miteremko mirefu kama ile ya kutoka Iten kupitia Tambach hadi Bonde la Kerio, ambako barabara hushuka zaidi ya mita 1,000, baadhi ya madereva huweka N ili kuokoa petroli. Katika haibridi hawaokoi chochote. Mota haiwezi kurejesha umeme kwenye betri ikiwa N, na breki za mguu hubaki peke yake hadi zipate joto na kulegea.

Gia inayofaa hapo kwa haibridi za Toyota ni B, ambayo huitumia injini kuzuia mwendo hata betri ikiwa imejaa. Breki ya mkono isitumike kupunguza kasi, ila breki ya mguu ikishindwa kabisa.

Gari likiharibika, lisivutwe kwa kamba huku magurudumu ya mbele yakizunguka barabarani. Mota huzungushwa na magurudumu hayo na inaweza kuzalisha umeme usiotarajiwa na kuharibu mfumo. Hubebwa juu ya lori, au huvutwa likiwa limeinuliwa upande wa mbele, breki ya mkono ikiwa imeachiliwa.

Aidha, jina lisimpotoshe fundi. Toyota huita giaboksi ya Aqua na Prius aina ya CVT inayoendeshwa kwa umeme, lakini mafuta yaliyoagizwa kwa giaboksi hizo katika vizazi hivi ni ATF WS. Mafuta ya CVT ya kawaida hayafai humo.

UTARATIBU UNAOFAA

Dereva anapoegesha, alisimamishe gari kabisa kwa breki ya mguu. Pili, avute breki ya mkono huku mguu ungali kwenye breki. Tatu, aweke N na kuulegeza mguu polepole, ili gari likae juu ya breki ya mkono. Likisogea kidogo na kutulia, breki inashika. Likiendelea kusogea, breki inahitaji fundi.

Nne, akanyage breki tena, aweke P, azime gari na kuhakikisha taa ya READY imezimika. Kwenye mteremko, magurudumu ya mbele yageuzwe kuelekea ukingo wa barabara, ili gari likiponyoka ligote hapo.

Wakati wa kuondoka, mpangilio hugeuzwa. Breki ya mguu hukanyagwa, gari huwashwa, gia hutolewa kwenye P, na breki ya mkono huachiliwa mwisho. Kijino kitachomoka bila mzigo, na kishindo hakitasikika.

Utaratibu wote huchukua sekunde chache. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika gari la haibridi ukuta wenyewe ni giaboksi nzima. Kwa anayelala chini ya gari akibadilisha tairi kando ya barabara ya Timboroa, sekunde hizo zina thamani kubwa kuliko giaboksi yoyote.